Oganiki wa Bodo

Boga wa Bodo alikuwa mkulima wa matikiti, na alikuwa amekwisha kuchoka na mzaha wa mtu aitwaye Boga kulima matikiti. Kila mteja mpya alidhani ndiye wa kwanza kuuvumbua. "Boga anauza tikiti! Ha!" Boga naye hucheka papo hapo, kwa adabu, maana mteja anayecheka mkono wake mwepesi kuingia mfukoni.

Jina lilikuwa la babu yake. Matikiti yalikuwa ya shida. Miaka kumi na minne alikuwa akikata majani katika hoteli moja ya Diani. Hoteli ikafungwa, majani yakaendelea kuota bila kumuuliza mtu, na Boga akarudi kwao na mkasi wa maua na ujuzi wa kusema "habari za asubuhi" kwa Kijerumani na Kitaliano. Bodo hapakuwa na Mjerumani wa kusalimiwa. Palikuwa na ekari mbili za mchanga alizoacha marehemu baba yake, nyuma ya mikoko, na mchanga ule ulikataa kila kitu ila tikiti.

Kulima alijifunza kwa msimu mmoja. Kazi ilikuwa wateja. Wateja wake walipita na magari kutoka Diani wakienda kutembea Funzi, na hapana hata mmoja aliyekuja bila elimu. Walijua kwamba tikiti refu ni dume na la mviringo ni jike, na jike ndilo lenye sukari. Walijua kwamba likiwa jekundu sana limedungwa sindano ya rangi. Walijua haya yote kwa sababu walikuwa wametumiwa kwenye simu.

"Mzee, hili ni dume au jike?"

"Mimi ni mtu wa sala, mama," Boga alijibu siku ya kwanza. "Sikulifunua."

Siku ya pili aliacha ubishi. Akayatenga mafungu mawili, mabibi huku na mabwana kule, na mabibi yakawa ghali zaidi. Siku ya tatu akaja bwana mmoja wa Ukunda na tochi, akachuchumaa nusu saa akitafuta tundu la sindano, akaliona. Lilikuwa la sisimizi, na sisimizi mwenyewe alikuwamo.

"Unaona?" akasema yule bwana.

"Naona, bwana. Lakini huyo hana leseni ya kudunga."

Wateja, basi, Boga aliwaweza. Wasiowezekana walikuwa wezi.

Msimu uliopita walimmalizia shamba zima. Wezi wa Bodo ni watu wa ratiba: huja Ijumaa saa saba mchana, wanaume wote wakiwa msikitini, na Boga alikuwa na hakika kwamba baadhi yao huwahi rakaa ya pili. Alitoka kwenye sala akakuta mashina matupu, na mkewe Hasina, aliyekuwa kisimani, amesimama katikati ya shamba na ndoo kichwani.

"Baba Ummi," Hasina alimwambia, "nakwambia mara moja. Mwakani yakiibwa tena, mimi narudi Vanga kwa kaka zangu, na wewe utalioa hili shamba. Mahari yake si mchanga tu?"

Alikuwa hatanii. Mwanamke akitania hafungi nguo zake kwenye kanga, na Hasina alizifunga, akaziacha juu ya kabati zisubiri mwaka.

Wokovu ulikuja na fundi wa pampu. Alitoka Samburu ya huko Kinango, mtu mwembamba mwenye mkoba wa ngozi, akaja kutafuta mpira wa maji ulipovuja. Alilizunguka shamba mara tatu. Alipiga magoti kisimani, akaweka sikio chini, akanung'unika maneno, yote ya kuitukana pampu. Kufika alasiri, Bodo nzima ilijua kwamba Boga ameleta mganga kutoka bara ya Kinango, na shamba limewekwa kago ambalo mwizi akilivuka, tumbo huvimba mpaka kitovu kigeuke nje.

Boga hakukubali wala hakukana. Alichukua ubao, akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akaandika:

SHAMBA HILI LINA DAWA.
UKIINGIA SHAURI YAKO.

Juu yake akatundika chupa ya maji ya bahari aliyoyatia unga wa juisi ya stroberi. Toka siku hiyo halikupotea hata ua. Matikiti yakajaa, yakanenepa, yakalala juani kama watalii. Mia nne yalikuwa tayari, na mengine nyuma yake yakifuata. Na safari hii palikuwa na mnunuzi wa yote: Jemima, mwanamke wa bara aliyefungua duka la vyakula safi kule Diani na grupu la simu liitwalo Kula Safi, lenye watu mia tatu wanaoogopa chakula. Lori lake lingekuja Jumatatu.

Jumatano asubuhi mtu mmoja wa Kula Safi alipita akienda Funzi, akaona ubao, akaupiga picha, akaituma kwenye grupu na maneno mawili: "ANAKIRI MWENYEWE!!!"

Simu ilimkuta Boga kisimani, mbele ya majirani watano wenye ndoo.

"Mzee Boga, hii shamba yako iko na dawa ama haina?"

Boga aliwatazama majirani. Majirani walimtazama Boga. Wa karibu zaidi alikuwa Swabir, mbeba mizigo, kijana mwenye mabega mapana na njaa ya kudumu, na alikuwa ameacha kuvuta maji ili asikie vizuri.

Akisema hakuna, Ijumaa hatabaki na tikiti. Akisema ipo, Jumatatu hatakuja mnunuzi.

"Salaam aleikum, bi Jemima," akasema. "Habari za nyumbani?"

"Poa. Dawa iko ama haiko?"

"Ipo kwa namna yake."

"Namna gani?"

Boga alijitenga hadi nyuma ya mkorosho, akafunika mdomo kwa kiganja, akanong'ona. Akaeleza kwamba wadudu yeye huwafukuza kwa maji ya mwarobaini na majivu, basi. Dawa ya kwenye ubao si ya kunyunyiza. Ni kago, la wezi. Na hata hilo kago lenyewe...

"Uchawi?" Jemima alipiga ukelele. "Mzee! Nusu ya grupu wameokoka! Afadhali hata ingekuwa kemikali!"

"Si uchawi, bi Jemima, ni juisi ya..."

"Toa hiyo maneno kwa ubao. Leo leo. Andika ni oganiki."

"Oga nini?"

"O-ga-ni-ki. Maana yake hakuna kitu umeweka. Vile Mungu aliumba. Jumatatu nakuja na fomu ya ukaguzi, ndio upate cheti, na napiga video. Nikiona hiyo dawa, lori inarudi tupu."

Boga alirudi kisimani. "Alikuwa anauliza bei," akasema. Swabir akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua kusikiliza mpaka nyuma ya mkorosho.

Alhamisi Boga alikaa mbele ya ubao na kopo la rangi. Rangi iliyobaki ingetosha neno moja. Hasina alimsimamia, mikono kiunoni.

"Ukifuta dawa, wanaingia."

"Nisipofuta, haji."

"Basi andika neno lake. Neno moja tu lifutwe. Yale mengine yana kosa gani?"

Hayakuwa na kosa. Boga akaishusha chupa, akapaka chokaa juu ya neno DAWA, akangoja ikauke, akaandika juu yake lile la Jemima kama alivyolisikia kwenye simu. Akarudi nyuma hatua tatu kulisoma:

SHAMBA HILI LINA OGANIKI.
UKIINGIA SHAURI YAKO.

Ijumaa hakusikia hotuba. Alikaa safu ya nyuma akihesabu nani hayupo. Swabir hayupo. Sala ilipokwisha alitaka kukimbia, lakini mlangoni alishikwa mkono na Ustadh Alamin, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na mtu wa kupenda kujua mambo kabla ya kuyaharamisha.

"Mzee Boga. Nimepita kwako asubuhi. Huyu Oganiki ni nani?"

Watu waliokuwa wakitafuta viatu waliacha kutafuta viatu.

"Si nani, ustadh," Boga akasema. "Ni..." Akakumbuka alivyoambiwa. "Ni mambo ya kizungu."

"Wa kizungu!" ustadh akasema. "Nilijua. Maana majini ya hapa nayajua kwa majina. Sasa, ni Mwislamu au si Mwislamu?"

Boga angeweza kusema kweli. Alifungua mdomo aiseme. Lakini pale kwenye vumbi palikuwa na jozi hamsini za masikio, na alijua zaidi ya jozi kumi kati yake zilikuwa na tikiti lake tumboni msimu uliopita.

"Hilo sijui, ustadh," akajibu. "Ninalojua, ana cheti."

Hilo ndilo lililoimaliza Bodo. Jini la Kipemba watu walikuwa wamezoea, hutulizwa kwa halua. Jini la bara hupewa damu ya kuku likaenda zake. Lakini jini la Ulaya, lenye cheti, utalipa nini? Halikosi kuwa na wakili.

Boga alipofika shambani alikuta yamepungua mawili tu. Akayahesabu mara ya pili na ya tatu. Mawili. Kufika alasiri ile njia ya kando ya shamba ilikuwa haipitwi na mtu. Watoto wa chuo walizungukia mikokoni na tope mpaka magotini. Jumamosi jirani mmoja alikuja, shikamoo nyingi, akaomba aazimwe Oganiki kwa siku mbili akamlindie mbuzi. Boga akamwambia haazimwi, amesajiliwa kwa shamba moja. Jumapili Hasina alizitoa nguo zake kwenye kanga, akazifua, akazianika.

Jumatatu saa mbili lori liliingia. Dereva alikuwa Mramba, mtu wa Kinango asiyejuana na mtu yeyote wa Bodo, na kando yake Jemima: kofia nyeupe, buti za mpira, glavu, simu mkononi. Boga alikuwa amewaita wabebaji wanne, Swabir akiwa mmoja wao, kwani kubeba tikiti mia nne ni kazi ya mabega na mabega Bodo ni yale yale, ya halali na ya haramu.

Wabebaji walisimama mpakani mwa shamba. Hawakuvuka.

"Haya, vijana," Boga akasema. "Jua hilo."

"Tegua kwanza, ami," Swabir akasema. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na mkono mmoja ameushika tumboni.

"Nitegue nini?"

"Huyo. Sisi hatumgusii mali yake mpaka umtoe."

Jemima alikuwa akiutazama ubao. Alitabasamu kwa neno OGANIKI, kisha akakunja uso kidogo kwa UKIINGIA SHAURI YAKO.

"Kwani hawa wanangoja nini, mzee wangu?"

Boga alisimama katikati. Matikiti yalikuwa yamefika mwisho wa subira yake. Jua la siku mbili zaidi na yangeanza kupasuka yenyewe. Akiwaambia vijana kwamba hapana jini, watabeba leo, na kesho watarudi kuyabeba yaliyobaki, bila lori. Akianza kutegua, kuchoma ubani na kusoma mbele ya glavu zile, lori lingegeuza hapo hapo. Hasina alikuwa mlangoni akitazama. Juu ya kamba, nguo zake zilikuwa zimekwisha kukauka.

"Wanakungoja wewe, bi Jemima," Boga akasema. "Fomu. Hawagusi kitu mpaka ukaguzi upite. Ni watu wa utaratibu."

Jemima aliweka mkono wa kulia kifuani kwa furaha. "Wow. Hii sijaona popote."

Akatoa fomu. Boga akamwomba, kama haidhuru, aisome kwa sauti, na kwa hicho hicho Kiingereza chake, vijana wasikie. Jemima alisema haidhuru hata kidogo. Akaanza kulizunguka shamba, buti zikizama mchangani, akisoma maneno marefu ambayo hata Boga na Kijerumani chake hakuyajua. Kila pembe alisimama. Kila pembe aliinama, akachota udongo kwa kijiko, akaunusa, akautia kwenye kimfuko cha nailoni, akakifunga, akakiandika namba. Pembe ya tatu alikaa kimya dakika nzima, macho ameyafumba, kusikiliza kama pana nyuki.

Wabebaji hawakuwahi kuona mganga wa kiwango kile. Yule wa Samburu alikuwa na mkoba tu. Huyu ana glavu.

"Amin," akasema mmoja kila Jemima alipomaliza ukurasa. Wengine wakafuata. "Amin."

"Wanashiriki!" Jemima alinong'ona, akaanza kuwapiga video. Akarudi mpakani, akageuza simu iwaelekee. "Sasa imebaki moja. Nataka ushuhuda wa mlaji. Kuna mtu hapa amekula tunda ya hii shamba juzi juzi? Asiogope. Aseme ukweli."

Swabir alipiga magoti.

"Ni mimi! Mawili! Ijumaa! Nilidhani wamefuta dawa, sikujua kuna Oganiki!"

Jemima alisogeza simu karibu. "Usilie, kaka. Vile ulijisikia ukishakula?"

"Tumbo! Siku tatu linanguruma, halilali, limevimba, mpaka naogopa kukitazama kitovu!"

Kofia nyeupe iligeuka polepole kuelekea kwa Boga. Simu ilishuka. "Mzee," Jemima akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Huyu amekuwa mgonjwa."

Mramba, ambaye hakuwa na habari na lolote, aliwasha injini apate upepo. Kwa Boga ilisikika kama lori linaondoka. Maneno yote aliyoyajua ya kuwajibu wateja yalimkimbia. Alibaki na "habari za asubuhi" ya Kitaliano.

Hasina ndiye aliyekuja. Alipita katikati ya wabebaji, akasimama juu ya Swabir.

"Ulikula na nini, wewe?"

"Nini, mama?"

"Matikiti mawili. Ulishushia na nini?"

Swabir alifikiri. Alikuwa mtu wa njaa lakini hakuwa mwongo. "Maziwa mala, mama. Chupa kubwa."

"MAZIWA?" Jemima aliushika mdomo. "Tikiti na maziwa? Wewe unataka kufa? Si hiyo ni sumu! Hata kwa grupu tumesema mara ngapi!" Akamtazama Boga kwa huruma, kama mtu aliyesingiziwa mbele yake. "Pole, mzee wangu. Nilikuwa karibu kukufikiria vibaya. Hii sehemu naikata."

Alimpa Swabir chupa ya maji na kidonge cha tumbo kutoka kwenye pochi. Swabir alikipokea kwa mikono miwili, akakimeza, akacheua mcheuo mmoja mrefu uliosikika mpaka kwenye lori, na rangi ikamrudi usoni. Wabebaji wakatazamana. Ametolewa. Wameshuhudia kwa macho yao.

Wakavuka. Wakabeba mia nne kabla ya adhuhuri, wakiyashika kwa adabu kama watoto wa watu, na halikudondoka hata moja.

Ilipobaki kufunga turubai, Swabir alimsogelea Jemima, kofia mkononi. "Mama, shikamoo. Sasa huyu... ameondoka moja kwa moja?"

"Nani, mkaguzi?" Jemima akasema. "Aa, hapana. Mimi nimefanya ya mwanzo tu. Mkaguzi mwenyewe anarudi, kila msimu. Na hapigi simu. Anaweza kuwa hapa saa hii mkiwa naye na msimjue."

Macho ya wabebaji, mmoja baada ya mwingine, yalimwendea Mramba, mgeni yule asiyejuana na mtu, aliyekuwa ameegemea gurudumu akila karanga na kuwatazama bila neno.

"Twende basi, niwashushe njiani," Mramba akasema kwa ukarimu.

Hakuna aliyepanda. Walisema wanapenda kutembea. Waliondoka mstari mmoja, katikati ya njia, mikono wazi pande zote mbili ionekane haikushika kitu.

Lori likaenda. Hasina alicheka mpaka akaketi chini, akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Ama kweli, baba Ummi. Oganiki!" Kisha akayatazama matikiti machanga yaliyobaki, yamejipanga kimya upande wa mikoko. "Lakini aliposema hamumjui..."

"Mkaguzi huyo, mama Ummi. Mtu wa karatasi."

"Najua. Nauliza tu."

Boga alikuwa na kiu. Asubuhi nzima alikuwa ametazama matikiti yakipita na hakuonja hata kipande, na pale karibu palikuwa na moja dogo lililoiva kabla ya wenzake. Alichukua kisu, akaenda mpaka kwenye ubao, akasimama. Akatazama kushoto. Akatazama nyuma kuona kama Hasina anamtazama. Alikuwa anamtazama.

"Hodi," akasema Boga, taratibu, na akangoja kidogo kabla ya kuingia.